Roboti ya kuamrishwa kwa sauti: ikisikia "mbele" inazima, "simama" haielewi kabisa. Msaada wakuu

BabaZuhura

Habari zenu wakuu. Mimi sio mtaalamu wa haya mambo, kazi yangu ni dereva wa lori la mchanga hapa Dar, ila nina binti wa miaka 9 ambaye tangu aone roboti kwenye simu ya mama yake hajatulia mpaka nikamuahidi tutatengeneza ya kwetu. Ahadi kwa mtoto siivunji, ila sasa tumefika katikati tumekwama.

Nilienda Kariakoo nikanunua kimoja kimoja, kijana wa duka ndiye alinipangia: bodi ya Arduino Uno ambayo ndiyo ubongo wa roboti (sio orijino ni kopi), ile bodi nyekundu ya kuendeshea mota yenye chuma cheusi cha kupooza imeandikwa L298N, bluetuthi HC-05, mota mbili za njano na matairi yake, kile kigurudumu kidogo kinachojizungusha kila upande, na fremu ya plastiki ngumu yenye matundu. Betri akanipa ile ya mstatili ya volti 9 na klipu yake. Kodi, yaani yale maandishi ya kuielekeza roboti, nimeitoa YouTube nikaipandisha kwa laptopu ya shemeji, apu ya kwenye simu nayo ni ya bure.

Inavyofanya kazi ni kwamba unabonyeza maikrofoni kwenye simu, unaongea, simu inageuza sauti kuwa maandishi, inayatuma kwa bluetuthi, roboti inatii. Jamaa wa kwenye video anaiamrisha kwa Kiingereza na inaenda safi kabisa. Mimi nikabadilisha maneno kwenye kodi nikaweka mbele, nyuma, kushoto, kulia, simama, maana nataka mwanangu aongee nayo kwa lugha anayoongea na mimi.

Shida zangu:

Kwanza simu inaandika vitu vya ajabu. Ukisema "simama" inaandika see mama. Ukisema "rudi" inaandika Rudy kama jina la mtu. "Mbele" inakubali mara moja kati ya mara tano hivi, na mtoto akisema yeye haikubali kabisa.

Pili, hata ikikubali matairi yanashtuka tu kidogo, taa kwenye Arduino inapepesa, bluetuthi inakatika, inabidi uanze kuunganisha upya.

Tatu, nikiichomeka waya wa USB kwenye laptopu inatembea, ila ndio natembea nyuma yake nimebeba laptopu mkononi, na ukisema simama inachelewa kutii. Jana imeenda kugonga kabati, kile kigurudumu kidogo kimechomoka, Zuhura akalia mpaka akapitiwa na usingizi.

Halafu kitu kingine, simu ya mama yake ni iPhone, haiioni kabisa hiyo bluetuthi, ya kwangu ya Android inaiona. Naombeni mwongozo wakuu, wikiendi hii nataka iwe imetembea.

FundiRedio_Moro

Baba Zuhura hongera sana kwa kukaa chini na mtoto kufunga skrubu. Mimi naanza na hiyo shida ya pili, maana umeme usipokaa sawa hata hizo nyingine utazihukumu vibaya.

Hiyo betri ya volti 9 itoe. Ile ni ya vitu vinavyokula umeme kidogo kidogo kama multimita au kengele ya moshi. Mota ikiwa imesimama halafu ukaiambia ondoka, ule mwanzo inavuta umeme mwingi kuliko ikishachanganya, wewe ni dereva wa lori unajua kuondoka na mzigo kunavyotaka nguvu. Na hapo ziko mbili zinavuta kwa mpigo, volti ya betri inaporomoka, Arduino inakosa umeme inajizima na kujiwasha upya, ndiyo hiyo taa unayoiona inapepesa. HC-05 inakula umeme kutoka kwenye Arduino kwa hiyo nayo inaanguka hapo hapo. Ukitaka kuhakikisha iangalie taa ya HC-05, ikiwa haijaunganishwa inapepesa haraka haraka, ikiunganishwa inapepesa mara mbili inatulia halafu mara mbili tena. Ukiona ilikuwa kwenye mbili mbili ikarudi kwenye haraka pale pale mota zinapoanza basi ni umeme, kodi haihusiki. Na ndio maana kwa USB inatembea, Arduino inakula kwenye laptopu, betri imebaki kuhudumia mota peke yake.

Tafuta kikasha cha betri sita za AA na uweke zile za kuchaji. Kila moja ni volti 1.2 kwa hiyo sita ni 7.2. Hiyo L298N ni teknolojia ya zamani, yenyewe inameza karibu volti 2 zinaishia kuwa joto kwenye kile chuma cheusi, kwa hiyo mota zinabakiwa na 5 na kitu, na mota za njano ni za volti 3 mpaka 6, zinakaa mahali pake.

Kufunga: chanya ya betri ipite kwenye swichi, kisha igawanyike, mmoja uende kwenye tundu la L298N lililoandikwa 12V (usiogope hiyo 12, inakubali chini yake) na mwingine uende Vin ya Arduino, pale pa kuingizia umeme. Hasi ya betri, GND (tundu la hasi) ya bodi nyekundu na GND ya Arduino zote tatu lazima zikutane. Watu wengi wanasahau huu waya, halafu roboti inafanya vituko, mara iende mara igome, wanabadilisha kodi wiki nzima bure.

Kingine, nenda kwa fundi redio yeyote hapo mtaani akuwekee kapasita yenye namba 104 kwenye kila mota, ashike kwa risasi kwenye vile vimiguu viwili vya mota. Brashi za ndani zinapiga cheche, zile cheche zinasumbua bluetuthi.

Simu ya mama Zuhura hata usihangaike nayo, HC-05 ni bluetuthi ya aina ya zamani na iPhone haiongei nayo. Tumia ya kwako.

BabaZuhura

Asante sana fundi, nimeelewa hiyo ya lori kabisa. Swali dogo, yule kijana wa duka alinishauri nichukue betri mbili za duara zilizotoka kwenye laptopu mbovu, 18650, niziunge mfululizo, na akaniuzia kachaja kadogo ka bluu TP4056 nikafungie humo humo ndani niwe nachajia kwa waya wa simu. Hiyo vipi?

FundiRedio_Moro

Hapana kaka, usifunge hivyo. TP4056 ni ya seli moja tu, inakata chaji ikifika volti 4.2. Seli mbili zikiungwa mfululizo zikijaa ni 8.4, hako kadude hakawezi kuzihesabu, na zile za laptopu mbovu moja inakuwa imechoka kuliko mwenzake, hiyo iliyochoka ndiyo inaumia. Betri ya lithiamu ikivimba au ikipata shoti inashika moto na moto wake sio wa kuzima kwa kikombe cha maji. Mimi mwenyewe natumia 18650 kwenye kazi zangu, ila nazitoa nazichaji moja moja kwenye chaja yake, nikiwa nimekaa macho, sio usiku. Roboti ya mtoto wa miaka 9 weka AA za kuchaji, zikiisha anazitoa mwenyewe, hakuna cha kuogopa. Kachaja kako kahifadhi, katakufaa kwa kitu cha seli moja.

mwl_Bloku

Shikamoo baba Zuhura. Mimi nafundisha watoto kompyuta, hizi gari za sauti tumeshazitengeneza na darasa zaidi ya moja, upande wa umeme fundi amemaliza kwa hiyo nakuja kwenye sauti.

Simu yako haikosei kusikia, inasikiliza kwa Kiingereza. Ikipata "simama" inatafuta neno la Kiingereza lililo karibu, ndiyo inakuletea hayo. Google waliingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti tangu Agosti 2017, na unaweza kuchagua Kiswahili cha Tanzania au cha Kenya. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya kuandika kwa sauti ya Google, kwenye lugha ongeza Kiswahili. Jaribu kwanza kwenye meseji ya kawaida, ukisema "nenda mbele" ikaandika nenda mbele, simu iko tayari.

Ila hizo apu za bure nyingi zimeshafungwa kwenye Kiingereza ndani kwa ndani, unabadilisha lugha ya simu na yenyewe inaendelea na yake. Hapo ningekushauri mtengeneze apu yenu wenyewe kwa MIT App Inventor. Ni ya bure, unaifungulia kwenye kompyuta, haina kuandika kodi, unapanga vipande vya rangi kama mtoto anavyopanga matofali, na Zuhura wa miaka 9 ataiweza kabisa, wanafunzi wangu wa darasa la nne wanaiweza. Kile kipande cha kusikiliza kinaitwa SpeechRecognizer, kina sehemu ya kuandika lugha, hapo andika sw-TZ, ndiyo Kiswahili cha Tanzania. Simu ikiwa Android 12 au ya juu zaidi itakuomba ruhusa ya vifaa vya karibu, ikubalie, ukikataa bluetuthi haitafunguka na hutajua ni kwa nini.

Sasa haya matatu ndiyo yaliyotubadilishia mambo darasani kwetu.

La kwanza, msitumie neno moja moja. Neno fupi likiwa peke yake mashine inabahatisha, hasa kwa sauti ya mtoto, kwa sababu hizi mashine zimezoea zaidi sauti za watu wazima. Mpeni sentensi fupi: nenda mbele, rudi nyuma, kata kushoto, kata kulia, simama hapo. Neno la pili linaisaidia kuelewa la kwanza. Halafu kwenye apu msiiambie "kama maandishi NI mbele", iambieni "kama maandishi YANA mbele ndani yake", na muyageuze yote kuwa herufi ndogo kwanza, maana mara nyingine simu inaanza na herufi kubwa na roboti inaona ni neno jingine kabisa.

La pili, apu isitume neno zima. Ikishaelewa itume herufi moja tu, M kwa mbele, N nyuma, K kushoto, L kulia, S simama. Nina uhakika hiyo kodi yako ya YouTube inapokea maneno kwa amri inayoitwa readString. Ile ikianza kupokea inakaa kusubiri sekunde nzima kuona kama kuna herufi nyingine inakuja, ndipo ifanye kazi. Herufi moja ikisomwa kwa amri ya read ya kawaida inatendwa papo hapo.

La tatu ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Sauti usiifanye usukani. Hesabu mwenyewe: mtoto anasema simama hapo, simu inasubiri kidogo kujua kama amemaliza, inapeleka sauti kwenye intaneti, maandishi yanarudi, yanaenda kwa bluetuthi, hata ukiondoa ile sekunde ya readString bado unakaa sekunde moja mpaka mbili, na bando likiwa zito ni zaidi. Gari zetu darasani tulizipima kwa futi zikawa zinaenda kama sentimita 40 kwa sekunde. Mtoto anasema simama na kabati liko nusu mita, imeshagonga. Huwezi kuishinda hiyo kwa kupiga kelele. Kwa hiyo badilisheni maana ya amri, "nenda mbele" isimaanishe nenda mpaka nikukataze, imaanishe piga hatua moja halafu simama mwenyewe. Sisi tunaweka milisekunde 800 kwa hatua moja. Na kuhesabu huo muda tumieni amri ya millis, sio ya delay, kwa sababu delay inaifanya roboti iwe kiziwi mpaka muda uishe.

Mkipata nafasi mwongezee macho, ile sensa yenye duara mbili HC-SR04, inapima kuanzia sentimita 2. Mkiiambia kukiwa na kitu ndani ya sentimita 25 isiende mbele hata ikiamrishwa, kabati lenu litapona na machozi yatapungua.

Waya mmoja wa kupunguza: roboti yako inapokea tu, haijibu. Kwa hiyo TXD ya HC-05 iende kwenye Arduino basi, ule wa kurudi kwenye RXD usiuunge. RXD inataka volti 3.3 na Uno inatoa 5, watu wanaweka vipingamizi viwili kuipunguza, wewe huhitaji. Na kama umeweka bluetuthi kwenye pini 0, ichomoe kila unapopandisha kodi, la sivyo itagoma kupanda.

Kipanga88

Mkuu si ununue tu ya dukani ambayo inakuja imekamilika, unawasha inaongea? Muda wote huo wa kuhangaika na waya.

BabaZuhura

Ndugu nimeziona, zile zinasikia Kiingereza na Kichina. Halafu mwanangu kashashika bisibisi ameijua mota ni nini, nikimletea ya boksi nitakuwa nimemnyang'anya.

Mwalimu marahaba, na Mungu akubariki. Hiyo ya hatua sikuwahi kuifikiria, mimi nilikuwa nadhani tatizo ni sauti yangu.

LuthuliWaya

Salamu kutoka Nairobi. Yote mwalimu amesema ni kweli, lakini niongeze njia ya pili kwa wale hawana bando kila saa, ama wanaishi mahali netiweki inaenda na kurudi. Kwetu shags, yaani kijijini kwa mama yangu, ile ya Google ilikuwa inanikalisha tu nikingoja.

Kuna kifaa kidogo cha kutambua sauti, Elechouse V3, kinakuja na maikrofoni yake ya waya. Hakitaki simu, hakitaki intaneti, hakijui lugha yoyote. Wewe ndio unakifunza. Unakiunga kwa Arduino, unafungua ule mfano wa kufunza unaokuja na laibrari yake, unaandika train na namba, kinakuambia ongea sasa, unasema neno, kinakuambia rudia, unarudia, zikifanana kinashika. Kwa vile hakijui lugha unaweza kukifunza Kiswahili, Kidigo, Kikamba, hata mluzi. Mtoto wa dada yangu ako na miaka sita na bado hatamki "r" vizuri, anasema "ludi", na roboti inarudi kwa sababu ilifunzwa na yeye mwenyewe. Simu haikuwahi kumuelewa huyo mtoto.

Ubaya wake nao niseme. Kinashika amri 80 lakini zinazosikilizwa kwa wakati mmoja ni 7 peke yake. Na kinamjua aliyekifunza, mtu mwingine akisema hakimtambui vizuri. Kwa hivyo ukiwa na watoto wawili na amri tano kila mmoja hizo ni 10, hazitoshi kwa mkupuo, lazima uweke swichi ya kubadilisha nani anaendesha. Sisi tuliweka kitufe kimoja juu ya mgongo wa roboti, ukikibonyeza inapakia sauti za mwenzake.

Na kufunza mfunze pale pale mtachezea, usimfunze chumbani kimya halafu mkacheze sebuleni feni ikiwa inavuma. Maikrofoni ikiwa juu ya roboti pia inasikia mota zake zenyewe zikilia, kwa hivyo ile mbinu ya hatua moja kisha kusimama inasaidia hapa mara dufu, roboti ikisimama ndipo inasikia.

MamaMapacha_Tanga

Nimefurahi kusoma uzi wote. Nina jambo moja ambalo naona hamjaligusa, ile PIN ya HC-05. Inatoka kiwandani ikiwa 1234 au 0000, kila mtu anaijua. Sisi kwetu nyumba zimebanana, kijana wa jirani naye ana vifaa hivyo hivyo, siku moja roboti ya wanangu ikawa inatembea yenyewe barazani na mapacha wakakimbilia chini ya kitanda wanasema ina jini. Kumbe yeye ndiye ameungana nayo kwa simu yake, wala hakuwa na nia mbaya, alidhani ni ya kwake. Badilisheni PIN na jina. Unaiingiza HC-05 kwenye hali ya amri kwa kushikilia kale kakitufe wakati unaiwashia umeme, taa inapepesa polepole, unaongea nayo kwa kasi ya 38400, AT+NAME kwa jina na AT+PSWD kwa PIN.

Na nakuunga mkono kwa kutonunua ya boksi bila kuichunguza. Ujerumani Februari 2017 mamlaka yao ya mawasiliano ilimpiga marufuku mdoli anaitwa Cayla, alikuwa anaongea na watoto kwa bluetuthi isiyo na kinga, mtu wa nje angeweza kuungana naye akasikia mtoto anasema nini chumbani. Wazazi wakaambiwa wamharibu. Mtoto anaiambia midoli mambo ambayo hata mimi mama yake haniambii, kwa hiyo nataka kujua sauti yake inaenda wapi. Hata hiyo njia ya Google sauti inatoka ndani ya nyumba, kwa hiyo maikrofoni iwe ya kubonyeza, isiwe inasikiliza muda wote.

BabaZuhura

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimechelewa nilikuwa safari ya Kibaha.

Betri sita za AA zimefungwa, fundi wa hapa mtaani kaweka kapasita mbili kwenye mota, grandi (zile GND) zote nimezikutanisha kwenye skrubu moja. Tangu hapo haijazima hata mara moja. Naiona ile taa inapepesa mbili mbili tu hata mota zikiondoka kwa nguvu.

Apu ametengeneza Zuhura na shemeji, mimi nilikuwa naangalia. Vipande vya rangi kavipanga yeye, akakosea sehemu moja akaweka kushoto mara mbili, ikawa kila ukisema kata kulia inakata kushoto, akaigundua mwenyewe kabla ya shemeji. PIN tumeweka mwaka aliozaliwa na jina la roboti ni Kipepeo.

Hatua tumeweka hiyo milisekunde 800. Sakafu yetu ni saruji, basi Zuhura akachukua chaki akawa anachora mstari pale Kipepeo inaposimama, halafu anapima na rula ya shule anaunganisha, akapata sentimita 31, akarudia akapata 31, mara ya tatu 30. Kaandika kwenye daftari. Sasa kutoka kwenye kochi mpaka jikoni anahesabu kwanza ni hatua ngapi ndipo anaanza kuamrisha.

Bibi yake alikuwa amekaa kwenye mkeka anaangalia, nikampa simu nikamwambia mama jaribu na wewe. Akasema "haya mjukuu wangu hebu nenda mbele basi." Maneno yote hayo, na ikaenda. Ni ile ya mwalimu, kwamba yawe na mbele ndani yake. Bibi akashika mdomo. Kisha akairudisha simu sikioni akaiambia "asante."

Sensa ya macho nimeagiza. Tatizo limebaki moja, haiendi moja kwa moja. Ukisema nenda mbele inavutia kushoto, baada ya hatua nne tano imeshapinda kwenye mlango. Matairi nimeyaangalia yako sawa, skrubu zimekaza.

FundiRedio_Moro

Safi sana. Hizo mota hazijawahi kufanana, hata ukizitoa pakiti moja. Ikivutia kushoto ina maana tairi la kushoto ndilo zito, kwa hiyo punguza la kulia. Kwenye bodi nyekundu kuna vikofia viwili vyeusi, ENA na ENB, vichomoe, ile pini ya mbele ya kila kimoja iunge kwenye pini 5 na 6 za Arduino. Halafu kwenye kodi tumia amri ya analogWrite ya kupanga kasi, kushoto mpe 255 ambayo ndiyo kasi yote, kulia anza na 240 ukishuka tano tano. Mpe Zuhura na chaki yake aamue.

BabaZuhura

255 na 225. Amechora mstari mmoja kutoka kwenye kochi mpaka mlango wa jikoni na Kipepeo imepita juu yake hatua zote tisa.